Gari la Kukwea Mawe: Uhakiki wa Rasimu Moja ya Istilahi

Miongoni mwa rasimu za istilahi zilizotufikia hivi karibuni imo moja ambayo, kwa kuitazama jina tu, ingeweza kudharauliwa na kuwekwa chini ya mafungu mengine. Ni orodha ya istilahi za kuundia gari dogo la mfano linaloongozwa kwa redio, ambalo kazi yake ni kupanda mawe taratibu bila kupinduka. Mtafsiri wake hatutamtaja, kwa kuwa alifanya kazi kwa nia njema na kwa bidii. Aliitayarisha ifuatane na mwongozo wa karakana ya vijana mjini Mwanza.

Wapo watakaouliza iwapo wenye kushughulikia istilahi wana wajibu wowote juu ya vitu vya kuchezea. Sisi twaona kwamba wanao. Gari hili dogo lina chesesi, ekseli, difu, shokapu, mota, betri na redio. Kwa hiyo neno litakalopotoka katika gari la mezani litapotoka vile vile katika gari la hospitali ya wilaya. Tena, tangu mkondo wa amali uanze kufundishwa katika shule za sekondari mwaka 2024, walimu wengi wanatafuta miongozo ya ufundi, na orodha ndogo kama hii hunakiliwa upesi kuliko kamusi kubwa.

Kabla ya kuikosoa rasimu, hapana budi tukumbushe jambo ambalo kila msomaji aliyekulia katika nchi hizi analijua, nalo ni gari la waya. Mtoto hukunja waya akapata chesesi. Hukata malapa yaliyochakaa akapata magurudumu, au akikosa malapa hutumia visoda. Bodi huwa ya boksi au ya kopo la mafuta ya kula lililokatwa kwa mkasi wa mama bila idhini. Mpira wa tyubu ya baiskeli huwa springi. Kisha hufunga mti mrefu ulioungana na magurudumu ya mbele kwa waya, na juu ya mti huo huweka duara, nalo ndilo usukani. Mtoto hukimbia nyuma ya gari lake huku akiligeuza kushoto na kulia, na mkono wake u mbali na magurudumu kwa hatua mbili. Huko ndiko kuongoza kwa mbali. Kilichokosekana ni redio tu. Redio yenyewe si jambo jipya: mwaka 1898 Nikola Tesla alionyesha mjini New York chombo kidogo cha majini kilichoongozwa kwa mawimbi ya redio, pasipo waya wowote.

Katika Mwanza gari la waya lina sifa ya pekee. Kule Mabatini na Igogo, ambako nyumba zimejengwa katikati ya mawe na juu ya mawe, barabara ya mtoto ni jiwe lenyewe. Tulimwona kijana mmoja aliyeinua chesesi yake kwa vipande vya malapa vilivyopangwa tabaka juu ya tabaka. Tulipomwuliza sababu, alijibu kwamba gari lisilo na uvungu hukalia jiwe. Neno hilo la uvungu tutalirudia.

Tuanze na jina la kitu chenyewe. Rasimu yaliita gari hili "kitambaamwamba". Tunafahamu njia aliyoipita mtafsiri. Tunayo maneno kipazasauti na kinasasauti, na wengine wameandika kitenzambali kwa kile ambacho umma mzima hukiita rimoti. Hivyo naye alichukua kitenzi tambaa, akakitanguliza ki-, akaongeza nomino mwishoni. Kanuni ni ile ile, lakini masikio hayasomi kanuni. Tuliliandika neno hilo ubaoni mbele ya walimu wanane tukawaomba waseme ni kitu gani. Sita walisema ni kitambaa. Mmoja aliuliza kama ni kitambaa cha kufunikia maiti huko Ukerewe, na wenzake wakacheka. Wa nane hakusema kitu. Istilahi inayomfanya msomaji afikirie duka la nguo haiwezi kuokolewa kwa maelezo ya pembeni.

Hata tukiacha kiambishi, kitenzi chenyewe kina mashaka. Kutambaa ni kwa nyoka, kwa mtoto mchanga na kwa mmea wa maboga: mwili hulala juu ya ardhi na kusogea pamoja nayo. Gari hili halilali, bali huinua gurudumu moja, likalibandika juu ya jiwe, likajivuta. Mwingine alipendekeza kuparamia. Neno hili tunalisoma katika magazeti karibu kila juma: gari limeparamia ukuta, basi limeparamia mti. Gari la kuparamia mawe lingehitaji polisi wa usalama barabarani. Kupanda halina kosa, ila ni pana mno; mtu hupanda basi, hupanda mbegu na hupanda cheo. Limebaki kukwea, ambalo ni kupanda kwa kushikilia, hatua baada ya hatua, kama afanyavyo mkwezi katika mnazi. Kwa maoni yetu hilo ndilo lililo karibu zaidi na kazi ya gari hili, na tumependekeza "gari la kukwea mawe". Ni maneno manne badala ya moja. Hatuoni haya kwa hilo. Imekuwapo tabia miongoni mwetu ya kuamini kwamba istilahi haijawa istilahi mpaka ibanwe iwe neno moja refu, na tabia hiyo imetuletea maneno mengi ambayo hayakutoka nje ya vitabu vilivyoyazaa.

Kwa nini mawe, wala si miamba? Hapa rasimu ilikuwa na hoja, na tuliijadili kwa muda mrefu kuliko neno jingine lolote. Mwanza huitwa Jiji la Miamba, na picha ya lile Jiwe la Bismarck lililosimama majini karibu na bandari imo katika kila kalenda. Lakini tazama: mji ni wa miamba, na jiwe lenyewe mashuhuri kuliko yote ni jiwe. Mwenyeji wa pwani akisikia mwamba hufikiri ule ulio chini ya maji, unaotokeza maji yakipwa na kutoboa vyombo. Mwalimu wa jiografia akisema miamba anakusudia aina za mata zilizounda ardhi, na kwake hata udongo wa mfinyanzi una asili yake katika miamba. Jabali ni jiwe kubwa lililosimama. Itale ni aina ya mwamba, nayo ndiyo iliyoyafanya mawe ya Mwanza, yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni mbili. Ni ngumu, ina chembe zinazokwaruza, na tairi laini hushika juu yake vizuri ikiwa kavu, ila karibu na maji ambako ukoga umeota huteleza kama sabuni. Basi gari letu hukwea nini? Halikwei jabali zima, kwa kuwa jabali la Bugando ni kubwa kulishinda mara elfu. Hukwea mawe yaliyolala pembeni mwa jabali, yenye ukubwa wa kichwa cha mtu au wa ndoo. Wenyeji huyaita mawe, nasi tumewafuata wenyeji.

Tuliulizwa kama "gari la mawe" lisingetosha, kwa ufupi. La. Mwanza gari la mawe ni lori linalosomba mawe ya kujengea misingi. Na wapo wazee ambao hadi leo betri za tochi huziita mawe, kwa hiyo gari la mawe kwao lingekuwa gari linaloendeshwa kwa betri, jambo ambalo kwa bahati mbaya nalo ni kweli.

Sasa tuje kwenye makosa mazito zaidi. Ukurasa wa pili wa rasimu unamwagiza fundi ahakikishe kuwa gari lina "kibali cha ardhi" cha kutosha. Mtumishi yeyote wa serikali akisoma hayo ataelewa kwamba kabla ya kuliendesha gari hili kandokando ya ziwa yahitajika barua kutoka ofisi ya ardhi. Mtafsiri alikuta katika lugha ya asili neno lenye maana mbili, ya ruhusa na ya nafasi iliyo wazi, akachukua ile iliyozoeleka maofisini. Kilichokusudiwa ni nafasi iliyopo baina ya tumbo la gari na ardhi. Kiswahili kina neno uvungu, nafasi iliyo chini ya kitanda, na yule kijana wa Mabatini alikwisha kulitumia bila kutuuliza. Uvungu wa gari: sentimita 7, sentimita 8. Hakuna lililo rahisi zaidi.

Kosa kama hilo limo katika "msingi wa gurudumu". Msingi ni wa nyumba. Kinachopimwa hapa ni urefu kutoka kiini cha ekseli ya mbele hadi kiini cha ekseli ya nyuma, na tumeandika "urefu wa ekseli kwa ekseli". Tunakiri kwamba si la kupendeza.

Suala la skeli linahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu kosa la lugha limezaa kosa la hesabu. Rasimu yasema kwamba gari la mfano "ni dogo mara kumi kuliko gari halisi". Muundo huu si wa Kiswahili. Sisi husema kitu ni kikubwa mara kumi. Udogo hauzidishwi, hugawanywa. Lakini tukiuacha muundo, swali linabaki: kumi ya nini? Chukueni Land Cruiser ya mzigo, ile ya mlango mmoja kila upande, inayoonekana kila siku katika barabara ya kwenda Magu. Urefu wake wa ekseli kwa ekseli ni milimita 3,180. Katika skeli ya 1:10 utakuwa milimita 318, na hakika chesesi nyingi za magari haya zinazouzwa duniani zina kama milimita 313 au 324. Hadi hapo kumi ni kumi. Uzito je? Gari hilo likiwa tupu lina uzito wa tani mbili na ushei. Mwanafunzi aliyeambiwa "dogo mara kumi" atagawa kwa kumi apate kilo 200, na hakuna meza ya karakana itakayozihimili. Urefu ukigawanywa kwa kumi, eneo hugawanywa kwa mia, na ujazo pamoja na uzito hugawanywa kwa elfu. Gari la mfano litakuwa na kilo mbili na kitu, na ndivyo yalivyo. Kwa hiyo tumeandika: "gari la mfano la skeli ya 1:10, yaani kila urefu wake ni sehemu moja ya kumi ya urefu wa gari halisi". Skeli tumeichagua tukaacha "mizani" ya rasimu, kwa kuwa mizani ni ya sokoni na ya mahakamani, na mwanafunzi amekwisha kukutana na skeli katika somo la ramani.

Tuongeze kwamba waundaji wa magari haya wenyewe huivunja skeli wakitaka. Tairi ya Land Cruiser hiyo, ya 7.50-16, ina kipenyo cha sentimita 80 hivi. Ya mfano ingepaswa kuwa na sentimita 8. Wao hufunga za sentimita 11 au 12. Sababu yake ni njema: gari limepunguzwa, lakini jiwe halikupunguzwa. Hii ndiyo tofauti kati ya gari la kutazamwa na gari la kukwea. Kampuni ya Tamiya ya Japani, ambayo gari lake la kwanza la redio lilikuwa Porsche 934 ya mwaka 1976, lililotengenezwa kwa ajili ya sakafu laini, ilitoa mwaka 1981 Toyota Hilux yenye ekseli mbili zinazovuta na gia tatu, na hapo mchezo ukahamia mawe na matope. Rasimu haikutofautisha aina hizo mbili, bali imeziita zote "magari ya sanamu". Sanamu haisogei.

Neno "masafa" limetumika katika rasimu mara tisa, na katika mara hizo tisa lina maana mbili. Mahali pamoja twasoma kwamba masafa ya redio ni gigahezi 2.4, mistari minne chini yake twasoma kwamba masafa ya redio yasizidi mita 100. Maana zote mbili zimo katika lugha. Ya pili ndiyo ya zamani, ya umbali. Ya kwanza imekuzwa na shughuli za mawasiliano, na Mamlaka ya Mawasiliano hutoa leseni za masafa kwa maana hiyo. Hatuwezi kuinyang'anya ofisi neno ambalo limekwisha kuingia katika kanuni na leseni zake. Tumeamua kwamba katika maandishi ya ufundi masafa yabaki kwa idadi ya mitetemo ya wimbi, na kile kipimo cha mita kiitwe umbali. Jambo hili si la kupendezesha maandishi tu. Redio za zamani za magari haya zilitumia megahezi 27, na watoto wawili wenye masafa sawa walinyang'anyana magari bila kujua. Za leo hutafuta zenyewe nafasi iliyo wazi. Lakini wimbi la gigahezi 2.4 lina urefu wa sentimita 12 na nusu, halipendi kupita katika itale, na gari likizunguka nyuma ya jabali husimama. Mwalimu anayesoma kwamba "masafa yamekatika" ni lazima ajue kama abadili redio au asogee hatua kumi kushoto.

Kuhusu difu hatukuafikiana. Katika gari la kukwea mawe difu hufanywa isitofautishe, magurudumu mawili ya ekseli moja yakazunguka pamoja, ili moja likining'inia hewani jingine liendelee kuvuta. Rasimu yaliita jambo hilo "difu iliyofungwa". Nendeni gereji yoyote pale Nyakato mkamwambie fundi kwamba gari lenu lina difu iliyofungwa. Atauliza imefungwa lini na nani aliyeifunga, maana kufunga kwake ni kupachika kifaa mahali pake. Mmoja wetu alipendekeza komeo, kwa mfano wa mlango: difu yenye komeo, difu iliyokomewa. Mwingine alisema kwamba mafundi wote wanasema loki, na kwamba kumletea fundi komeo ni kumfundisha kazi aliyoianza kabla yetu. Orodha imerudishwa na yote mawili, komeo kwanza.

Tumeliweka mwishoni kosa ambalo lilitufanya tuandike makala haya. Gari hili hutumia betri ya lithiamu yenye seli mbili, volti 7.4 kwa jumla. Kila seli ikijaa hufika volti 4.2, na haifai kushuka chini ya volti 3. Ikishuka sana huharibika ndani, na ikirudishwa kwenye chaja yaweza kuvimba na kuwaka moto. Rasimu yaandika: "Betri ikifa, ichajiwe." Katika lugha iliyotafsiriwa betri hufa kila jioni na kufufuka asubuhi. Katika Kiswahili cha gereji betri iliyokufa ni iliyokufa, haifai tena, hutupwa au huuzwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Ile inayohitaji chaji imeisha chaji. Kwa maneno mawili tu, maagizo hayo yamwambia kijana achukue betri mbovu aiunganishe na umeme, katika chumba chenye mbao na rangi. Tumeandika: "Betri ikiisha chaji, ichajiwe chini ya uangalizi. Betri iliyokufa au iliyovimba isichajiwe kamwe." Tunawaomba watafsiri wenye miongozo ya simu, ya pikipiki za umeme na ya taa za jua waitafute sentensi kama hiyo katika kazi zao, kwa kuwa hatuamini kwamba imeandikwa mara moja tu.

Mengine yanapita kwa haraka. Kidhibiti mwendo kimekubaliwa. "Kitumishi", kwa kile kijimota kinachogeuza magurudumu ya mbele, tumekikataa na kuandika sevo. Kipokezi ni kizuri. "Mfyonza mshtuko" tumeufuta, kwa kuwa shokapu imekwisha kushinda tangu zamani. Kwa kazi nzima tumependekeza kuunda badala ya kutengeneza, maana kutengeneza ni pamoja na kurekebisha kilichoharibika, na kuunda ndiko kunakofanywa na fundi wa mitumbwi pale Kirumba anapoanza na mbao tupu.

Na lile bomba linalopanda kandokando ya kioo cha mbele ili injini ivute hewa juu ya maji, ambalo rasimu yaliita "bomba la juu la kuvutia hewa", ambalo katika gari la mfano halivuti chochote bali hubandikwa kwa ajili ya sura tu, madereva wamelipa jina la mkonga. Tumeliandika mkonga.